Mbwa Wangu, Mbwa Yangu

Kwa miaka yote niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Nakuru, kosa moja lilinichoma roho kuliko mengine: "mbwa yangu." Wanafunzi waliliandika katika insha. Walimu wenzangu walilisema wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Mwalimu mkuu mmoja alilitamka gwarideni mbele ya shule nzima, nami nikatazama viatu vyangu. Mnyama ni mbwa wangu, paka wangu, ng'ombe wangu. Niliyaandika hayo ubaoni mwanzo wa kila mwaka, kisha upande wa pili nikawaandika wale ambao lugha imewaachia y yao: mama yangu, baba yangu, dada yangu, shangazi yangu, rafiki yangu. Kila mwaka hakukosekana mmoja wa kuuliza kwa nini hawa nao wasiwe wangu kama wengine. Nilimwambia lugha nayo ina jamaa zake, na jamaa haiwagusi. Jibu hilo sikulitoa katika kitabu chochote cha sarufi, lakini liliwanyamazisha mpaka kengele ikalia.

Nyumbani nilikuwa na mwanafunzi aliyenishinda. Mke wangu alikuwa fundi wa sweta za shule, na kibanda chake cha kufumia kilikuwa mbele ya nyumba yetu hapa Free Area, karibu na lango. Alizaliwa Keringet, akakulia kwenye viazi na baridi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko: kuja hapa, enda pale, hii mbwa, ile mtoto. Si kwamba hakujua. Alipotakiwa kuandika taarifa ya akina mama wa kanisa, aliandika Kiswahili ambacho hata mimi, na ubishi wangu wote, sikupata pa kuweka wino mwekundu. Lakini akiwa nyumbani alikivunja makusudi, jicho moja likiwa kwangu. Nikisema "njoo, si kuja," aliitikia, "Ndio mwalimu," kama mtoto wa darasa la nne, kisha akarudia vile vile. Tuliishi hivyo miaka mingi, na sidhani kulikuwa na nyumba Free Area iliyokuwa na mchezo mtamu kuliko wetu.

Mbwa alikuja msimu wa mvua ndefu, ndani ya katoni ya sabuni iliyotupwa karibu na mtaro wa maji. Mimi nilikuwa nimestaafu na binti yetu wa pekee alikuwa ameshahamia Nairobi kikazi. Mke wangu alirudi kutoka kanisani na kitu kimefungwa ndani ya leso, nikadhani ni mboga. Kumbe ni mtoto wa mbwa, rangi ya chai ya maziwa, anatetemeka mpaka masikio. Nilimwambia pale pale kwamba mbwa hulala nje. Nilikulia katika nyumba za reli, baba yangu akiwa mfanyakazi wa huko, na mbwa wa kwetu alifungwa mnyororo mchana, akafunguliwa jioni, akala makombo ya ugali, na hakuna aliyewahi kumuuliza amelalaje. Mke wangu alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akamwaga nyuzi kutoka kwenye kikapu chake, akamlaza mbwa ndani, akasukuma kikapu chini ya mashine.

Nilipendekeza majina. Akayakataa yote. Alisema mtu wa nyumbani haitwi jina, na kweli, tangu tuoane hakuwahi kuniita langu. Mimi nilikuwa Mwalimu tu. Mbele ya wageni mbwa aliitwa lastborn. Nikamwambia aseme kitinda mimba, akasema lastborn. Na tulipokuwa peke yetu, jina lake lilikuwa lile neno nililokuwa nimelipiga vita maisha yangu yote: kuja. Mke wangu alilisema kwa kuivuta ile u kidogo, sauti ikipanda mwishoni, na mbwa popote alipokuwa alitoka mbio.

Basi mbwa akalelewa, na tabia alizozipata ni za mtoto aliyedekezwa. Kile kigari cha mashine ya kufuma kikienda na kurudi, kra, kra, yeye alilala fofofo. Mashine ikinyamaza aliamka, akatazama juu kuhakikisha kama fundi bado yupo. Alitambua ndara za mke wangu kati ya ndara zote za njia yetu. Radi ikipiga aliingia chini ya kitanda chetu, upande wa mke wangu, si upande wangu. Binti yetu alipokuja likizo akamkumbatia mamaye, mbwa alijipenyeza katikati yao kwa pua, na asipopewa nafasi alienda kukaa pembeni akitupa kisogo. Mimi na mke wangu tukigombana, aliinuka akatoka nje, akarudi tuliposhusha sauti. Siku moja nilimtania mke wangu kwamba huyu mbwa anatuona kama watoto wake. Akasema kwani hujui.

Julai ya kwanza, baridi ya Nakuru ilipoanza kuuma, alimfumia sweta. Ilikuwa imebaki mikono miwili ya sweta za shule moja ya jirani, rangi ya damu ya mzee, na mistari miwili ya manjano shingoni. Mbwa akatoka nayo langoni asubuhi tukiwa mimi na yeye, nami nikatembea mbele kidogo, kama watu wasiojuana. Watoto waliokuwa wakienda shule walimwona, wakasimama. "Sasa, prefect," mmoja akamwambia, kama anayemsalimu kiranja wao, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamjua kama prefect. Kila Julai alifumiwa nyingine. Sweta yangu mimi, niliyoahidiwa tangu nistaafu, haikuwahi kumalizika.

Kuna siku akina mama wa kanisa walikuja kufanya mkutano kwetu, wakamkuta mbwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni, ametulia kama mweka hazina. Mmoja wao akauliza kwa upole kama siku hizi mbwa wanakaa kwa viti. Mke wangu akamwambia kiti hicho ni cha mbwa, lakini yeye mama ni mgeni, kwa hivyo apewe kile kizuri zaidi cha kando ya dirisha. Mama yule hakujua acheke au akasirike. Nilikuwa jikoni nikipasha chai, nikaficha uso wangu ndani ya sufuria.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni nyingine. Wakati wa likizo nilikuwa nikiwafundisha watahiniwa wachache hapa barazani, na asubuhi hiyo somo lilikuwa lile lile langu. Nikawaambia habari ya jamaa za lugha. Kibandani mashine ikanyamaza. Mke wangu akatoa kichwa dirishani.

"Mwalimu, waulize hao watoto. Dada?"

"Yangu," watoto wakaitika.

"Rafiki?"

"Yangu."

"Haya basi," akasema. "Mbwa yangu."

Akarudi kwenye mashine, kra, kra. Watoto walivunjika mbavu, na mbwa, akidhani ameitwa, akatoka chini ya mashine akaja kutuangalia. Nilijikaza nisicheke. Nilimwambia mke wangu wakati wa chakula cha mchana kwamba amenivunjia heshima mbele ya wanafunzi, na kwamba katika maisha yangu hatanisikia nikilisema lile neno. Akasema, "Utasema tu. Na siku hiyo nitakucheka mpaka unikimbie."

Hakuugua muda mrefu. Tulimwita jirani yetu mwenye duka, ambaye ana Probox nyeupe, atupeleke hospitali. Mke wangu aliingia mwenyewe, akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda. Mbwa alisimama langoni. Mke wangu alishusha kioo akamwambia akae, atarudi. Alimwambia hivyo kila alipotoka, na kila mara alirudi. Gari likaondoka.

Tulimzika magharibi mwa nchi, kwenye shamba la babu zangu, kama desturi yetu ilivyo. Mbwa alibaki huku na jirani. Kwa hivyo hakuona jeneza, hakuona kaburi, hakusikia nyimbo. Alichokiona yeye ni mtu kuingia ndani ya Probox nyeupe, akaahidi kurudi.

Niliporudi kutoka mazishini nilimkuta pale pale langoni, amelala kifudifudi, pua kwenye ule mwanya wa chini. Watu walikuwa wakija kutoa pole, wakimruka. Kisha watu wakapungua, ikabaki mimi na yeye. Binti yetu alikaa nami kidogo akarudi kazini. Nyumba ikawa kubwa. Mashine niliifunika kwa shuka, na miwani ya mke wangu nikaiacha pale dirishani ilipokuwa, sikuigusa.

Jioni ya kwanza tukiwa wawili nilipika ugali na matumbo, nikampakulia kwenye sahani yake, nikasimama mlangoni.

"Njoo," nikamwita.

Hakugeuza hata sikio. Nikarudia. Nikasema njoo ule, nikasema njoo ndani kuna baridi, nikamwita kwa Kiswahili sanifu ambacho mtahini yeyote angekipa maksi zote. Mbwa alitazama barabara. Mwishowe nilipeleka sahani langoni mwenyewe, nikaiweka kando yake. Asubuhi nilikuta amekula kidogo, kama mgonjwa.

Sitaki mtu adhani kwamba sikujua neno alilolingoja. Nililijua. Lilinijaa mdomoni kila jioni. Lakini halikuwa langu. Lilikuwa la mke wangu, kama miwani yake ilivyokuwa yake, na niliona kwamba nikilisema nitakuwa nimelitoa dirishani na kulivaa. Pia, niseme ukweli, nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na yule mbwa kwa kungoja waziwazi namna ile, mchana kutwa, mbele ya watu, wakati mimi nilitakiwa kuvaa koti niende kanisani na kuambiwa kwamba najitahidi.

Tukaanza maisha ya kugombana. Nilimgombeza kwa kulala kwenye matope. Nilimgombeza kwa kunitazama nikirudi na mkate, akaona ni mimi tu, akalaza kichwa tena. Nilimwambia habari za bei ya unga, nikamwambia binti yetu amesema nini kwenye simu, nikamuuliza nani alihamisha chumvi. Hakunijibu, lakini mke wangu naye alikuwa na siku zake za kutonijibu.

Kilichoharibu mambo ni magari. Nakuru imejaa Probox nyeupe. Kila moja iliyopita njia yetu, mbwa aliinuka akaikimbilia, upande wa kiti cha mbele, akaruka kuchungulia dirishani. Dereva mmoja nusura amkanyage. Mwingine alisimama akanitukana. Binti yetu aliposikia akanisihi nimpeleke kwa mjomba wake Keringet, kuna nafasi, kuna kondoo, hakuna magari mengi. Alisema, "Baba, hata wewe utapumzika." Nilikubali shingo upande, kisha nikajidanganya kwamba wazo lilikuwa langu.

Shemeji yangu alikuja na pikapu aliyoletea viazi sokoni. Ni mtu mpole, anafanana na dada yake kwenye paji la uso, na kwa hilo hata kumtazama ni kazi. Nilitoa kile kikapu chini ya mashine, nikakiweka nyuma ya pikapu, na mbwa akafuata kikapu bila kuvutwa. Alikuwa amevaa sweta ya mwisho, imeanza kutoboka kiwikoni. Hakulia. Pikapu ilipoondoka alikuwa ametazama nyuma, lakini si kwangu, bali kibandani.

Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikasema, "Sasa utulivu." Nikasikia sauti yangu. Ndipo nilipotambua kwamba hiyo ndiyo sauti ya mwisho nitakayoisikia mpaka mtu apige simu. Kugombeza nako ni kuongea, na mimi nilikuwa nimemfukuza mtu wa kuongea naye. Niliwasha redio nikaizima. Nilienda langoni kuangalia kama kuna matope. Nimezika wazazi wangu na mke wangu, na sijawahi kuhisi upweke kama ule wa kurudi kutoka langoni nikiwa na sahani ambayo haikuwa na haja ya kuoshwa.

Haikuchukua muda shemeji akapiga simu. Alianza kwa salamu ndefu, nikajua kuna jambo. Mbwa alikuwa ametafuna kamba akatoroka. Walimtafuta shambani, wakamtafuta kwa majirani, wakawa wanaona aibu kuniambia. Nilimwambia si kitu, mbwa ni mbwa. Kisha nilikaa kitandani upande wa mke wangu.

Niliwaza mambo ya kijinga. Niliwaza kwamba duniani palikuwa na wawili tu waliokuwa bado wanamngoja mke wangu, wasiokubali kwamba amekwenda kabisa, na kwamba mmoja nilikuwa nimempakia mwenyewe kwenye gari la viazi. Binti yetu alikuwa akilia, ndiyo, lakini alikuwa akilia kama mtu anayejua. Mimi na mbwa tulikuwa hatujui bado. Huyo akipotea, ningebaki peke yangu katika ujinga ule, na niliogopa.

Ndipo shemeji akapiga tena. Watu walikuwa wamesema kuna mbwa kando ya barabara inayokwenda Olenguruone, pale wakulima wanapoleta maziwa asubuhi kungoja gari la chama cha ushirika. Mbwa mwenyewe amevaa sweta ya shule. Nilivaa viatu kabla simu haijakatika. Nilikwenda dukani kwa jirani, nikamkuta anapima sukari, nikamwambia tunaenda Keringet. Aliniangalia usoni, akamwachia mkewe mizani.

Tulipita Njoro, tukapita Elburgon, tukapita Molo, na kila tulipopanda baridi iliongezeka. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Jirani aliniambia nihamie mbele, nikasema nyuma ni pazuri. Hakuniuliza tena. Nilibeba nyama kwenye mfuko, na maneno kadhaa niliyokuwa nimeyapanga kumwambia mbwa, na yote niliyasahau njiani.

Tulifika wakati gari la maziwa limeshaondoka. Palikuwa na kibanda cha mabati, mitungi mitupu imegeuzwa kukauka, na mama mmoja aliyekuwa akifagia. Ng'ambo ya barabara, kwenye nyasi, mbwa alikuwepo. Amekonda, sweta imeshika miiba, rangi ya damu ya mzee imekuwa rangi ya udongo. Alikuwa amekaa wima akitazama upande wa Molo, upande magari ya Nakuru yanakotokea. Mama akasema yuko pale kila siku, wanampa maziwa kidogo, anakunywa lakini hafuati mtu. Wakimwita kwa lugha ya kwao haji. Walidhani ni kiziwi.

Nilishuka nikasimama kando ya barabara. Nikamwita, "Njoo."

Alinitazama. Alinijua, hilo niliona, maana mkia ulisogea mara moja. Kisha akageuka tena kutazama barabara, kama mtu aliyesalimiwa na mtu asiye na habari anayoitaka.

Jirani alikuwa ameegemea gari, akijifanya anaangalia tairi. Mama alikuwa ameacha kufagia. Nilikuwa mzee mwenye koti, nimesimama ugenini na mfuko wa nyama, na mbwa amenikataa mbele ya watu. Nilifungua mdomo. Sikujua kama sauti itatoka, wala kama itatoka jinsi inavyotakiwa, ile u ya kuvutwa, ile sauti ya kupanda mwishoni. Kwa muda mrefu nilikuwa nimelisikia lile neno kila siku, lakini kulisikia si kulisema.

"Kuja," nikasema.

Masikio yakasimama. Nikalisema tena, na mara hii lilitoka lenyewe, likatoka kwa namna yake hasa, mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Mbwa akaruka kutoka kwenye nyasi. Alikuja mbio kama alivyokuwa akija akiwa mdogo, masikio yamelala nyuma, mwili mzima unapiga mkia. Niliinama nikafungua mikono.

Akanipita.

Akaenda moja kwa moja kwenye ile Probox nyeupe, upande wa kushoto, kwenye mlango wa mbele. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka ya mbele kwenye kioo, akachungulia ndani. Akashuka. Akazunguka gari lote, akarudi kwenye mlango ule ule, akachungulia tena. Kiti kilikuwa kitupu, kama nilivyokuwa nimekiacha. Hapo akatulia. Alinigeukia, akanitazama muda, kisha akatazama mdomo wangu, pale neno lilipotoka.

Nilikaa chini, pale pale kwenye kokoto, na koti langu la kanisani. Nikalia. Sikuwa nimelia hospitali wala magharibi, nililia Keringet kando ya mitungi ya maziwa. Mbwa akaja polepole, akaninusa viganja, akakaa. Hakunilamba. Aliniegemea tu ubavuni, kwa uzito wake wote, nami nikahisi mbavu zake kupitia zile nyuzi.

Yule mama alitupa muda, kisha akasogea na ufagio wake.

"Mzee," akauliza, "kwani hii mbwa ni yako?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mbwa yangu."

Nililisikia neno baada ya kulisema. Nikainua kichwa, nikingoja. Jirani alidhani nimesikia gari linakuja, naye akatazama barabara. Upepo ulikuwa ukipiga mabati. Mama akasema ni mbwa mzuri, ana adabu, akarudi kufagia. Hakuna aliyecheka.

Tulirudi nyumbani mbwa akiwa kiti cha mbele. Jirani ndiye aliyemfungulia mlango ule, bila kuniuliza. Mbwa alikaa wima njia yote, Molo, Elburgon, Njoro, akitazama mbele, na askari wa kizuizini alipoona sweta ya shule alisahau alichotaka kutuuliza. Tulipofika alishuka akaingia kibandani, akanusa mashine chini ya shuka, akalala mahali kikapu kilipokuwa. Niliiondoa ile shuka. Siwezi kufuma, lakini nilikisukuma kile kigari, kikaenda na kurudi bila uzi, kra, kra, mpaka akafumba macho.

Sasa anakula vizuri. Analala ndani, chini ya kitanda, upande ule ule. Probox zinapopita anainua kichwa tu. Watu husema amenizoea, na binti yetu amefurahi kusikia hivyo, nami simbishii. Asubuhi nikifungua mlango humwita, kwa lile neno na kwa sauti ile, kwa kuwa nyingine haijui. Anakuja mbio. Lakini kila mara, kabla hajanifikia, hutazama kwanza nyuma yangu, mlangoni. Nami pia hugeuka.